Roadster ya 2001 iliyopigwa rangi mpya: ninunue, au niagize Japani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dada wa miaka 33, naishi Kigamboni nafanya kazi Posta. Tangu niko chuo natamani gari la michezo la kufunguka juu, sasa nimejikusanya nina milioni 26. Kuna kaka mmoja anauza Mazda Roadster ya 2001, 1.8, gia za mkono, nyekundu, kilomita 78,000, ameipiga rangi mpya mwezi uliopita na anataka milioni 21. Injini nimeisikiliza imetulia kabisa. Turubai lina mpasuko kama urefu wa kidole upande wa dereva. Kaka angu anasema niachane nayo niagize Honda S2000 au Daihatsu Copen ya auto moja kwa moja Japani. Nifanyeje? Na je, gari la hivi linafaa kwenda nalo kazini kila siku?

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera, kujikusanyia milioni 26 kwa mshahara wa kuajiriwa si mchezo, ndo maana sitaki uziache kwenye rangi.

Nianze na jibu lenyewe alafu nieleze. Aina ya gari umechagua vizuri, kwa hela yako na kwa hapa kwetu sioni gari la wazi linaloizidi Roadster. Ila hilo moja la huyo kaka usilitolee hata kishika uchumba mpaka uwe umelitazama chini, na kinachonitia wasiwasi sio mpasuko wa turubai wala sio injini, ni hiyo rangi mpya. Turubai linabadilishwa siku moja. Injini hata ikifa kabisa inapatikana nyingine. Bodi ya gari la wazi ikioza hakuna duka linalouza, unabaki na deni la mafundi wa kuchomelea mpaka uchoke.

Sababu ni hii. Gari la kawaida lina paa la chuma, na lile paa ni sehemu ya nguvu ya gari zima, ukilitoa inabidi nguvu yote ihamie chini. Kwenye Roadster nguvu hiyo iko kwenye tuta la katikati ya viti na kwenye ile sehemu ya bodi iliyo chini ya mlango, ile unayoivuka ukiingia ndani, mimi naiita kizingiti. Kizingiti cha gari la wazi ndo uti wa mgongo wake. Kikioza, gari linapinda katikati ukipita kwenye tuta, mlango unaanza kugoma kufunga, na siku ukigongwa ubavuni hakuna kitu kati yako na lile gari lingine.

Miaka kadhaa nyuma mteja aliniletea Roadster ya umbo hilo hilo kama unalotaka wewe, kijani iliyoiva, imepigwa rangi inang'aa unajiona uso, yeye kaja tu nimbadilishie bushi za mbele. Nikaweka jeki pale pale kiwandani walipopaandaa pa kuwekea jeki, nikapampu mara ya tatu, ya nne, gari halipandi, jeki ndo inazama. Nikasikia mlio kama wa maganda ya karanga yanayokanyagwa. Tulipofungua tukatoa puti, ile plasta ya kuzibia na kusawazisha bodi, vipande vipande, na nyuma ya puti kuna povu la godoro limeshindiliwa, na nyuma ya povu hakuna bati, kuna unga mwekundu tu. Injini ya gari lile ilikuwa nzima haina tone la oili chini. Yule mzee alikaa kwenye ndoo yangu ya gereji dakika nyingi hasemi kitu, na mimi sikuwa na la kumwambia kwa sababu hela alishalipa zote. Tangu siku ile mtu akiniletea gari la wazi nimkagulie naanza na magoti chini, boneti nafungua mwisho.

Sasa maji yanafikaje huko ndani. Mvua ikinyesha juu ya turubai inateremka nyuma mpaka kwenye kijifereji kilichoko pale turubai linapokutana na bodi, kutoka hapo kuna vitundu viwili, kimoja kila upande, nyuma ya viti karibu na mikanda ya usalama, ambavyo vina mipira ya kushusha maji mpaka chini ya gari, yanatokea mbele kidogo ya tairi la nyuma. Gari likilala chini ya mwarobaini au mwembe miaka miwili, majani na vumbi vinaziba vitundu, maji yanakosa njia, yanajaa, yanamwagikia ndani kwenye zulia na ndani ya kizingiti, na mule ndani hakuna jua wala upepo. Kinaoza kutoka ndani kuja nje. Kwaiyo ukiona kipele kidogo cha kutu juu ya rangi ujue upande wa pili hali ni mbaya zaidi, na ukiona rangi mpya kabisa sehemu ile, hauoni kitu, na pengine ndo lengo la rangi.

Ukienda kulitazama fanya hivi. Beba chupa ya maji ya lita moja na nusu, tochi, na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini isikwaruze. Lifungue turubai nusu, livute viti mbele, uingize mkono nyuma ya viti ukabonyeze zulia kwa kiganja, ubonyeze kwa nguvu. Likiwa na unyevu, au likinuka kama nguo zilizolala kwenye beseni, umeshajua. Alafu mwaga maji taratibu kwenye kile kitundu upande mmoja na mwenzako awe amechuchumaa nje anaangalia chini mbele ya tairi la nyuma. Maji yanatakiwa yatoke chini haraka, kama bomba. Yakitoka tone tone, pameziba. Yasipotoka kabisa yameingia mahali, na hapo uulize yamekwenda wapi. Rudia upande wa pili, watu wengi wanapima upande mmoja tu.

Baada ya hapo sumaku. Ipitishe kwenye kizingiti chote taratibu kuanzia mbele mpaka nyuma, hasa sentimita thelathini za mwisho kabla ya tairi la nyuma, na kwenye upinde wa juu ya tairi la nyuma. Penye bati inashika, penye puti nene inateleza na kudondoka. Ukishamaliza piga na kifundo cha kidole kama unavyobisha hodi, bati lina mlio wa wazi, puti mlio wake umekufa. Alafu lala chini umulike kule chini, kwa sababu mpiga rangi anapiga panapoonekana, chini hajui kama utafika. Ukikuta chini pamepakwa lami nyeusi mpya mbichi kwenye gari la miaka ishirini na zaidi, muulize muuzaji picha za kabla ya kupaka, hana picha basi ihesabu ni kutu.

Umbo lako hilo, lile la 1998 mpaka 2005 ambalo wenyewe wanaliita NB, lina sehemu nyingine moja ambayo hata mafundi wengi hawaijui. Chini ya injini kuna miguu miwili ya bati ya umbo la sanduku inayoelekea mbele kwenye bampa, ina bati mbili zilizobebana na maji yanakaa katikati yake. Mulika pale, bonyeza na bisibisi, bati zima halibonyei. Na fungua buti, inua zulia upande wa betri, maana Roadster za mwanzo na hizo NB betri inakaa kwenye buti sio mbele. Betri yake ya asili ni ndogo, ya kufungwa, ina kimpira cha kutoa hewa nje. Hapa kwetu ikifa mtu anaweka betri yoyote inayoingia, haiunganishwi kile kimpira, asidi inapumulia kwenye buti inakula bati. Ni kosa la shilingi chache linalotoboa gari.

Na wewe unaishi Kigamboni dada, upepo wa bahari unao mlangoni. Hilo halikuzuii ila linabadilisha matunzo, nitalirudia.

Kilomita 78,000 kwa gari la 2001 inawezekana kabisa, Wajapani wengi gari kama hili ni la Jumapili. Inawezekana pia mita imerudishwa. Kuna kitu kimoja kidogo kinachosema ukweli bila kuulizwa, fungua boneti utafute stika. Japani fundi akibadilisha mkanda wa taiming anabandika stika kwenye injini au karibu yake, anaandika kwa kalamu tarehe na kilomita. Mwaka mara nyingi wanaandika kwa hesabu yao ya mfalme, ukikuta 22 ya Heisei unajumlisha na 1988 unapata 2010, ya Reiwa unajumlisha na 2018. Niliwahi kusafisha vumbi kwa kidole kwenye gari ambalo mita yake ilisoma elfu 64, ikatokea stika mkanda umebadilishwa kwenye elfu 102. Muuzaji alikuwa amesimama pembeni yangu tukaangaliana tu. Kama stika haipo, muombe karatasi ya Japani ya kufuta usajili, ile iliyokuja na gari, kwa kawaida ina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho kule. Na linganisha namba ya chasisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye ukuta nyuma ya injini, gari la soko la Japani la 1.8 namba yake inaanza na NB8C, ikianza na NB6C ni 1.6 na unauziwa kitu kingine. 1.8 ya mwaka 2001 ina farasi 160 na gia sita, 1.6 ina farasi 125 na gia tano, kwaiyo hata kuhesabu gia kwenye kichwa cha kirungu cha gia kunakuambia kitu.

Mkanda wa taiming unabadilishwa kila kilomita laki moja, ila kwa umri wa gari hili mimi siangalii kilomita peke yake, mpira unazeeka hata ukiwa umekaa. Usipopata ushahidi kwamba umebadilishwa miaka ya karibuni, panga kuubadilisha wiki ya kwanza pamoja na pampu ya maji na sili za mbele, maana kazi ya kufungua ni ile ile.

Injini yenyewe umesema imetulia, sawa, lakini je uliikuta ya baridi? Mwambie muuzaji wazi kwamba unaenda asubuhi na asiiwashe kabla. Gusa boneti ukifika. Iwashe mwenyewe huku mwenzako yuko nyuma kwenye ekzosi, moshi wa bluu ukitoka mwanzoni alafu ukaacha ni sili za valvu zimechoka, ukiendelea kila ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Mulika nyuma ya hedi, upande wa kwenye dashibodi, hapo oili huwa inavujia inashuka juu ya giaboksi, gasketi yake ni ya bei ndogo tu lakini ni hoja ya kushusha bei. Rejeta angalia rangi ya plastiki ya juu, mpya ni nyeusi, ikianza kuwa kahawia ya kijani imekaribia kupasuka na itapasukia kwenye foleni ya Kilwa Road saa nane mchana, sio kwenye baridi ya Njombe. Na usiuamini sana mshale wa joto wa NB, umetengenezwa kukaa katikati hata joto likibadilika kiasi, ukiuona unapanda ujue umechelewa, zima. Ndo maana rejeta na feni lazima viwe vizima kabla hujaanza kwenda nalo kazini.

Endesha mpaka lipate moto. Gia ya pili kugoma kidogo asubuhi ni kawaida ya hizi gari, ikiendelea kukwaruza likiwa la moto sio kawaida. Pedali ya klachi ikizama au ikiwa laini ni ile silinda ndogo ya klachi pembeni ya giaboksi, inavuja karibu kila Roadster niliyoshika, na ni spea rahisi. Alafu tafuta barabara mbovu kidogo, pita taratibu turubai likiwa limefungwa, usikilize milango. Kelele za turubai zitakuwepo, ila ukiona mlango unacheza cheza kwenye fremu yake na mwanya wake juu ni mpana kuliko chini, rudi kwenye kizingiti ukaangalie upya.

Mpasuko wa turubai, hapo nitakuwa mfupi. Unasema ni urefu wa kidole upande wa dereva, nadhani ni pale linapojikunja juu ya mlango, ndo sehemu yake ya kufia. Kubandika kiraka kutakupa miezi tu. Turubai jipya lililoshonwa tayari kwa NB linaagizwa likiwa na kioo chake, usikubali fundi wa viti akushonee kwa turubai la lori, halijikunji sawa na litaziba njia ya maji tuliyoongea hapo juu. Muuzaji apunguze bei ya turubai zima, sio ya kiraka.

Sasa ushauri wa kaka yako. S2000 naipenda na simlaumu kuitaja, Honda waliitengeneza kuanzia 1999 mpaka 2009, ile ya kwanza ya lita mbili ina farasi 250 bila tabo na inazunguka mpaka elfu tisa. Lakini haikuwahi kutoka ya auto hata moja, kwaiyo kama alimaanisha S2000 ya auto hiyo gari haipo. Na bei yake Japani sasa hivi S2000 nzima, isiyo na ajali, inaimaliza bajeti yako kabla meli haijaondoka. Pia ni gari kali mgongoni kwenye mvua, magari mengi yameshawahi kuzunguka yakagonga, na aliyegonga naye anapiga rangi.

Copen ni hadithi nyingine na hapo kaka yako ana hoja. Ni cc 660 ina tabo, inavuta kwa tairi za mbele, paa lake gumu linajikunja kwa umeme linaingia kwenye buti, auto zipo nyingi. Kwa mtu anayetaka tu upepo na jua na foleni isimchoshe ni gari zuri sana. Ila raha ya gari la michezo, ile ya kushika usukani unahisi barabara na kuingiza gia wewe mwenyewe, Roadster inaipata zaidi, na wewe umeandika kwamba unatamani gari la michezo. Paa la umeme nalo likiharibika ni pampu, mipira ya mafuta na swichi nyingi, fundi wa kulijua hapa utamtafuta, wakati turubai la Roadster unalirudisha nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa kwenye foleni.

Atatokea mtu akuambie Toyota MR-S, ile ya 1999 mpaka 2007 yenye injini nyuma ya viti. Faida yake kubwa hapa ni kwamba injini ni 1ZZ, ndugu wa RunX na Allex za 1.8, spea za Kariakoo zipo tele na kila fundi ameshaifungua. Hasara ni ile ile unayoijua kwa RunX, za mwanzo zinakula oili, na kwenye MR-S kuna jambo zaidi, masega ya kwanza, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, yako karibu sana na injini, yakivunjika unga wake unarudi ndani unaimaliza. Ukiipata ambayo masega yamekaguliwa sio mbaya. Yenye gia za kubonyeza isiyo na pedali ya klachi iache.

Kuagiza kwenyewe. Ushuru wa gari chakavu ndo unaowaumiza watu wa magari ya zamani, ngoja tufanye hesabu. Tuseme TRA wameithamini gari pamoja na usafiri na bima kuwa milioni 10, na thamani wanayotumia ni ya mfumo wao sio lazima ya risiti yako. Ushuru wa forodha asilimia 25, inakuwa milioni 12 na nusu. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini kati ya cc 1,000 na 2,000, na asilimia 30 ya uchakavu kwa gari lililozidi miaka kumi, unafika karibu milioni 16 na laki 9. Hapo ndo inapigwa VAT ya asilimia 18. Unaishia karibu milioni 20, yaani kodi karibu sawa na gari, bado vitozo vya reli na forodha, bandari, wakala wa kulitoa na usajili. Gari la miaka nane mpaka kumi uchakavu ni asilimia 15, kwaiyo lile lile la milioni 10 kodi inashuka mpaka karibu milioni 7 na laki 7. Copen kwa kuwa iko chini ya cc 1,000 haina ile asilimia 5. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA uweke mwaka na modeli halisi kabla hujatuma dola hata moja, viwango hubadilika kwenye bajeti ya Juni.

Ndugu wa Kenya wanaosoma hili, kwenu gari lililozidi miaka minane haliingii, kwaiyo Roadster mnayoweza kuagiza ni umbo la sasa tu, ND, lililoanza 2015, na injini yake ya 1.5 ni ukoo mmoja na ya Axela. Hamjapunjwa, ni gari zuri mno.

Ukiamua kuagiza dada, usinunue kwa picha, nunua kwa karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi wa gari inayotolewa mnadani Japani, na tafuta mtu akusomee upande wa maandishi ya mkono sio ile alama kubwa ya juu tu. Alama 4 ni nzuri, 3.5 inavumilika kwa umri huu, R maana yake limeshapata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokula, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Na kwenye maandishi muulize msomaji wako maneno matatu haya kwa majina yao, horo yabure ni turubai limechanika, shitamawari sabi ni kutu chini ya gari, shufukureki ni historia ya ajali. Hilo la katikati likiwepo pita, hata rangi iwe nzuri vipi. Uliza pia lilisajiliwa mkoa gani, Hokkaido, Aomori na Niigata wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji na chumvi ile inakaa chini ya gari mpaka linafika bandarini kwetu.

La kila siku. Linafaa, kwa masharti. Chini lina kama sentimita 14, matuta ya Dar mengi linapita ukipita mshazari taratibu, yale ya mtaani yaliyojengwa na wananchi kwa zege mengine halipiti, kwaiyo kapite njia yako ya nyumbani kwa mguu ukiangalia kabla hujanunua. Viti ni viwili, mtoto na mzigo wa soko ni lazima uchague kimoja. Usifunge kitu cha thamani kwenye kabati la ndani, mtu akitaka atachana turubai zima kwa ajili ya simu, weka kwenye buti na ndani acha wazi paonekane hapana kitu. Redio yake ya Kijapani inaishia 90 kwahiyo stesheni zako nyingi hazitashika mpaka uweke kibadilisha masafa au redio nyingine. Na kwa Kigamboni, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki mbili, na kila mwanzo wa mvua, za vuli na za masika, safisha vile vitundu kwa mrija laini wa plastiki, usitie waya wa chuma utatoboa mpira, wala usipulize kwa upepo wa kompresa utaichomoa mipira kwenye kiungio chake.

Kuhusu bei. Milioni 21 siwezi kusema ni ghali au rahisi bila kuliona. Kama maji yametoka chini safi pande zote mbili, sumaku imeshika mpaka mwisho, na miguu ile ya mbele haibonyei, basi ni gari la kununua, punguza turubai, mkanda wa taiming na tairi kama zimepitwa na tarehe, na ile milioni tano yako iliyobaki usiiguse, itakwenda hapo mwaka wa kwanza. Akikukatalia kuliinua na jeki ulitazame chini, mwambie asante na uondoke, gari zuri mwenye nalo analipandisha hata mara kumi.

Ukienda, nipigie picha ya stika ya injini, picha ya buti zulia likiwa limeinuliwa, na picha za vizingiti vyote viwili kutokea chini, mwanga wa tochi uingie vizuri na usipige mbali. Nitumie kabla hujakubaliana naye chochote, hata kama ni usiku.